Kiswahili Katika Ua wa Kabaka: Ziara ya Familia Mengo

Wahenga walisema tembea uone. Mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, mama, mdogo wangu wa miaka 11 na mimi tulipanda basi Bujumbura kwenda Kampala kumtembelea mjomba. Mjomba ni fundi wa magari aliyejifunza kazi katika gereji za Buyenzi, mtaa wetu, na sasa ana zaidi ya miaka 20 akiishi Uganda. Ameoa hukohuko. Jumamosi moja hakufungua gereji yake, jambo ambalo mkewe alisema hutokea kwenye misiba tu, akatangaza kwamba siku hiyo ni ya familia. Tungekwenda Mengo kuona kasri la wafalme wa Buganda.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kufurahi. Niko mwaka wa tatu wa masomo ya Kiswahili, na katika somo la historia ya lugha tulifundishwa kwamba Kiswahili kilifika katika baraza la Kabaka kabla ya Mzungu yeyote. Nilibeba daftari na kalamu. Nilitaka kurudi darasani na ushahidi kwamba lugha yetu, ambayo wengi katika nchi zetu huidhania kuwa ya sokoni tu, iliwahi kuketi mbele ya kiti cha enzi. Ushahidi huo niliupata. Lakini ndani ya ua huohuo niliupata na ushahidi mwingine ambao sikuutafuta, na insha hii inahusu wote wawili.

Tulikuwa watu saba: mjomba, mkazamjomba, binti yao, sisi watatu tuliotoka Burundi, na mama mzazi wa mkazamjomba, mwanamke wa zaidi ya miaka 70 ambaye wote nyumbani humwita Jjajja, yaani bibi. Usiku wa kwanza tulipofika, mama alimsalimia Jjajja kwa Kiswahili kwa heshima zote. Jjajja alitabasamu, akajibu kwa Kiganda, akanyamaza. Baadaye mjomba alitueleza taratibu: “Msimsemeshe Kiswahili. Ninyi anawapenda. Lugha ndiyo haipendi.”

Mama alikaa kimya, nami nilijua kwa nini. Amezaliwa Buyenzi, na Kiswahili ndicho alichokisema kabla ya Kirundi. Kwetu Burundi neno “Mswahili” mara nyingi hutumika kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na mama amelisikia tangu utotoni. Alikuwa amedhani kwamba akivuka mipaka miwili ataliacha nyuma. Mkazamjomba aliongeza kwamba hata Kampala wapo wazee wengi wanaosema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi.

Kesho yake asubuhi tulianzia Bulange, jengo la Lukiiko, ambalo ni baraza la Buganda. Kutoka hapo kuna barabara iliyonyooka, yenye urefu wa kama maili moja, inayoteremka na kupanda hadi lango la kasri. Inaitwa Kabaka Anjagala, maana yake Kabaka ananipenda. Kandokando ya barabara kuna sanamu za alama za koo za Waganda, ambazo kwa hesabu inayokubaliwa na ufalme ni 52. Kila mtu ana mwiko wake: simba, chui, tembo, uyoga, panzi wa senene, na kadhalika. Mdogo wangu alimuuliza mkazamjomba ukoo wake. “Mmamba,” alijibu. Mtoto aliruka kwa hofu, “Mamba!” Wote tulicheka, maana mmamba kwa Kiganda si mamba wetu wa mtoni mwenye meno, bali ni yule samaki wa matope anayeitwa kamongo. Niliandika daftarini kwamba lugha zetu ni ndugu, na ndugu wakati mwingine huitana kwa majina yaleyale wakimaanisha mambo tofauti.

Katikati ya barabara hiyo kuna mzunguko wenye mageti mawili. Magari yote hulazimika kuuzunguka. Kabaka peke yake ndiye hufunguliwa mageti akapita katikati moja kwa moja, kwa sababu mfalme hapindi njia. Mama alilipenda sana jambo hilo. Alisema angekuwa mfalme angalau kwa siku moja, afunguliwe njia katika foleni ya Kampala.

Tulipofika langoni, panapoitwa Wankaaki, tulikuta moto ukifuka. Moto huo hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Hapo tulilipa kiingilio tukapewa mwongozaji, kijana wa makamo ya kaka yangu mkubwa. Aliposikia tunazungumza wenyewe kwa wenyewe, aliuliza kama tungependa atuongoze kwa Kiswahili, kwani alikuwa amekizoea kwa ajili ya wageni kutoka Kenya na Tanzania. Mjomba alimtazama Jjajja. Jjajja aliinua mkono kidogo, kama anayesema endeleeni tu. Basi ziara yetu ikaendeshwa kwa Kiswahili, na mkazamjomba akawa anamtafsiria mama yake kwa sauti ya chini.

Kabla sijasimulia tuliyoyaona, ni vizuri nieleze historia ya mahali hapo kwa ufupi. Zamani makao ya Kabaka hayakuwa ya kudumu. Yalihama kutoka kilima hadi kilima, na kila mfalme alijenga upya. Kabaka Mwanga II aliyahamishia Mengo mwaka 1885, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake, Mutesa I. Tangu hapo Mengo ikabaki kuwa kiti cha ufalme. Eneo lote lenye uzio huitwa Lubiri, yaani ua wa mfalme. Jumba lenyewe, jeupe, lenye ngazi pana mbele yake, linaitwa Twekobe. Lilijengwa mwaka 1922 katika zama za Daudi Chwa II. Wageni hawaruhusiwi kuingia ndani ya Twekobe, kwa hiyo tulilitazama tukiwa nje, tukapiga picha ya familia. Kabaka wa sasa haishi hapo. Nitaeleza sababu mbele.

Sasa nirejee katika lile lililonileta. Kutoka Mengo unaiona Rubaga, kilima cha jirani, ambapo Mutesa I aliwahi kuwa na makao. Mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna II, baba wa Mutesa, mwaka 1844. Mzungu wa kwanza, Speke, alifika mwaka 1862, yaani miaka 18 baadaye. Katika miaka hiyo misafara kutoka pwani ilileta nguo, shanga na bunduki, na pamoja navyo dini ya Uislamu, hati za Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Mutesa alijifunza mambo hayo yote. Alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuwataka watu wake wafunge. Stanley alipofika mwaka 1875 alikuta mfalme anayeweza kuzungumza Kiswahili. Alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, ambaye alimsomea Mutesa Biblia na kumwandikia barua. Wamisionari wa Kiprotestanti walipofika mwaka 1877, na baadaye Alexander Mackay mwaka 1878, walikuta Kiswahili ndiyo njia iliyo tayari. Injili iliyosomwa mbele ya Kabaka ilisomwa kwanza kwa Kiswahili.

Alama za wakati huo ziko hadi leo katika vinywa vya Waganda. Mkazamjomba alinisaidia kuziorodhesha tukiwa tumekaa kwenye nyasi mbele ya Twekobe: ekitabo ni kitabu, ebbaluwa ni barua, ekkalaamu ni kalamu, eddirisa ni dirisha, emmeeza ni meza, ssabbuuni ni sabuni, essaawa ni saa. Yatazameni maneno hayo kwa makini. Mengi ni ya kusoma, kuandika na kuishi ndani ya nyumba. Lugha iliyokopesha maneno kama hayo haikuwa lugha ya kudharauliwa.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hapaswi kuchagua yale yanayompendeza tu. Misafara ileile iliyoleta kalamu iliondoka na pembe za ndovu na mateka. Watu waliuzwa. Kwa hiyo tangu mwanzo Kiswahili kiliingia katika ua wa Kabaka kikiwa na kitabu mkono mmoja na mnyororo mkono wa pili.

Hatua ya pili ya historia hii ilikuja wakati wa ukoloni. Waingereza walipounda jeshi lao la King's African Rifles, Kiswahili ndicho kilichotumika kuwaunganisha askari wa makabila mbalimbali. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Gowers, ilitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika shule na utawala wa Uganda. Daudi Chwa II, huyohuyo mwenye jumba la Twekobe, alipinga. Mwaka 1929 aliandika waraka akikataa Kiswahili kuchukua nafasi ya Kiganda kama lugha rasmi ya watu wake. Nilipousoma habari zake darasani, nilimwona Kabaka huyo kama adui wa lugha yetu. Nikiwa nimesimama mbele ya nyumba yake nilianza kuelewa. Waganda waliona kwamba lugha hiyo inaletwa pamoja na mpango wa kuiunganisha Uganda na Kenya, nchi ya walowezi waliopora ardhi. Hawakuogopa irabu na konsonanti. Waliogopa kitakachofuata nyuma yake.

Mwongozaji alitupeleka upande wa pili wa ua. Njiani alitueleza habari za mwaka 1966, ambazo Waganda hawazisimulii kwa sauti kubwa. Kabaka Mutesa II, mtoto wa Daudi Chwa, alikuwa pia Rais wa kwanza wa Uganda huru tangu mwaka 1963, na Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu. Ugomvi wao ulikua mwaka hadi mwaka. Februari 1966 Obote alisimamisha katiba, na Aprili akajitangaza Rais. Mwezi wa Mei Lukiiko ya Buganda ikaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Tarehe 24 Mei jeshi likaushambulia Lubiri, likiongozwa na Idi Amin, mtu aliyelelewa kijeshi katika King's African Rifles.

Hapo mkazamjomba aliacha kutafsiri, kwa sababu Jjajja alikuwa ameanza kusema mwenyewe. Sasa tafsiri ikageuka: maneno ya Jjajja yalitoka kwa Kiganda yakatufikia kwa Kiswahili.

Alikuwa na miaka 13, akiishi Katwe, mwendo mfupi kutoka pale tulipokuwa. Ilikuwa siku ya Jumanne. Aliamshwa na mizinga. Mama yake aliwalaza watoto sakafuni chini ya kitanda, wakakaa hapo mpaka jioni. Mchana mvua kubwa ilinyesha, na watu wa Katwe walisema baadaye kwamba mvua hiyo ndiyo iliyomficha Kabaka. Mutesa mwenyewe, katika kitabu alichokiandika akiwa uhamishoni, anaeleza kwamba aliruka ukuta, akaumia mgongo, akapata teksi iliyomtoa mjini. Alipitia Kongo akafika Burundi, na kutoka kwetu akaenda Ulaya. Alifia London mwaka 1969.

Mama alishtuka. “Alipita kwetu?” Hakuwa amelijua hilo. Nilimwambia alipita wakati Burundi nayo ilikuwa bado ufalme. Novemba ya mwaka huohuo wa 1966 ufalme wetu ukaondolewa na jamhuri ikatangazwa. Mfalme wa Buganda alikimbilia nchi ambayo ufalme wake ulikuwa umebakiza miezi michache. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya ufalme. Mwaka ule ngoma mbili zilinyamaza, moja Mengo na nyingine kwetu. Mama alipotafsiriwa hilo kwa Jjajja, wazee hao wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu tufike walishikana mikono wakatembea pamoja.

Baada ya shambulio hilo jeshi lilikaa. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote za Uganda. Lubiri ukawa kambi ya askari, na Bulange, lile jengo tulikoanzia asubuhi, likawa makao makuu ya jeshi. Kwa hiyo katika ua uleule ambamo Waganda walikatazwa hata kusimama wima mbele ya mfalme wao, sasa kulikuwa na buti, magari ya kivita na amri. Na lugha ya amri hizo ilikuwa Kiswahili.

Tuliteremka hadi kwenye mteremko wenye miti na magugu. Chini yake kuna mlango wa saruji unaoingia ardhini kama pango. Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 alijengewa hapo ghala la silaha kwa msaada wa wahandisi wa Israeli. Baadaye ghala hilo liligeuzwa jela ya mateso, na kazi hiyo iliendelea hata baada ya Amin kuondoka. Ndani kuna ushoroba mrefu na vyumba vya upande mmoja, vimeinuliwa juu ya sakafu, havina madirisha. Mwongozaji alieleza kwamba ushoroba ulijazwa maji na maji yakatiwa umeme, ili aliye chumbani asithubutu kushuka. Ukutani kuna alama za viganja na maandishi ya watu waliofungwa humo. Yapo ya Kiganda, ya Kiingereza, na ya Kiswahili pia. Nilinyanyua kalamu niyaandike, nikaishusha.

Watoto hawakuingia. Mkazamjomba alibaki nao pamoja na Jjajja kwenye kivuli cha mwembe. Kabla hatujaingia, mwongozaji alikuwa ametuonya: “Tafadhali, shukeni taratibu, panateleza. Tafadhali msiguse kuta.” Tulipotoka, macho yakiuma kwa mwanga, Jjajja aliniita kwa mkono. Aliuliza kitu kwa Kiganda. Mkazamjomba alitafsiri: “Anauliza lile neno alilolisema kijana mara mbili lina maana gani. Tafadhali.”

Nilieleza kwamba ni neno la adabu, la kumwomba mtu badala ya kumwamuru. Mkazamjomba alimtafutia mwenzake wa Kiganda, “mwattu.” Jjajja alifikiri kidogo. Kisha alisema kwamba yeye anajua Kiswahili. Alikisema hapohapo, kwa matamshi safi kabisa, akihesabu kwa vidole: “Fungua mlango. Lala chini. Leta kitambulisho. Panda gari.”

Akanyamaza, kisha akaendelea kwa lugha yake. Hilo la mwisho, panda gari, likawa jina la misako ya askari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vijana walikusanywa mitaani, wakaamriwa kupanda malori. Mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, alipandishwa gari jioni moja barabarani Katwe. Hakurudi. Familia haikupewa hata mahali pa kuweka jiwe. “Tafadhali,” alisema Jjajja, akilijaribu neno mdomoni, “hilo sikuwahi kulisikia.”

Mjomba, kwa nia njema, alijaribu kuitetea lugha. Alimkumbusha kwamba mwaka 1979 askari wa Tanzania waliomwondoa Amin walizungumza Kiswahili vilevile, na Waganda wenyewe waliwaita bakomboozi, neno lililotokana na wakombozi. Jjajja alikubali. Alisema alicheza barabarani siku ile. Lakini wale waliondoka, na waliobaki na bunduki wakarudia maneno yaleyale manne. Mjomba akasema tena kwamba lugha yenyewe haina kosa, kosa ni la watu. Jibu la Jjajja nimeliandika daftarini kama mkazamjomba alivyolitafsiri: “Sawa, haina kosa. Basi niambie kwa nini kila aliyegonga mlango wangu usiku aliijua.”

Hatukuwa na jibu, na sidhani kama alilisubiri. Alimwomba mdogo wangu amwinue, tukaendelea na safari. Jioni tulikula ndizi na samaki mbele ya televisheni, watoto wakibishana kama mmamba anaweza kumshinda mamba.

Nimelifikiria sana swali hilo tangu turudi Bujumbura. Katika madarasa yetu tumezoea kuitetea lugha kwa kuorodhesha sifa zake: inaunganisha makabila, haina kabila moja linaloimiliki, inatumika katika Umoja wa Afrika, ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote hayo ni kweli. Lakini Jjajja hakuuliza kuhusu sifa. Aliuliza kuhusu mambo aliyoambiwa. Mtu huijua lugha kwa sentensi zilizoelekezwa kwake. Kama Mutesa I aliijua kwa barua na mijadala ya dini, akaipenda, na Jjajja akaijua kwa amri nne, akaichukia, wote wawili walihukumu sawasawa kwa ushahidi waliokuwa nao.

Mwalimu wetu wa sarufi alitufundisha kwamba hali ya kuamuru ndiyo umbo fupi kuliko yote la kitenzi: unachukua shina, unaongeza irabu basi. Fungua. Lala. Leta. Panda. Ndiyo maana majeshi hulipenda. Hakuna nafsi, hakuna wakati, hakuna nafasi ya kusema hapana. Kitenzi kilekile kikiwekwa katika hali ya kuomba, ufungue, ulale, ulete, upande, kinapata nafsi ya yule anayeambiwa. Zamani nililiona jambo hili kama la mtihani. Sasa naona kwamba tofauti kati ya maumbo haya mawili ndiyo tofauti kati ya Lubiri wa Mutesa wa Kwanza na Lubiri wa askari.

Suala hili si la kale. Falme za Uganda zilirudishwa mwaka 1993, na Ronald Mutebi II akatawazwa Kabaka. Lubiri nao ulirudishwa kwa Buganda baadaye, na Twekobe likakarabatiwa. Lakini Kabaka hafanyi makao yake ya kila siku hapo, na anayejua yaliyo chini ya mteremko ule hataona ajabu. Wakati huohuo, katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikataja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike hivyo na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu watahitajika wengi. Baadhi yao watatoka katika nchi jirani, na huenda wakawa miongoni mwetu tunaosoma kitabu hiki.

Atakayekwenda asidhani anaingia shamba tupu. Katika kila darasa la Kampala kuna mtoto ambaye bibi yake ana sentensi zake nne. Mtoto huyo atapeleka nyumbani somo la kwanza jioni hiyohiyo na kulisema kwa sauti. Ni sisi walimu tutakaochagua bibi yule atasikia nini kutoka chumba cha pili. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tufundishe historia ya Kiswahili katika Buganda yote, pamoja na misafara ya watumwa na kambi ya Lubiri, tusiishie kwa Mutesa na Mackay. Tusiwaambie wazee kwamba wamekosea kuogopa. Na maamkizi, shukrani na maombi yatangulie katika vitabu vyetu, amri zije nyuma kabisa.

Siku ya kuondoka, Jjajja alitusindikiza hadi kwenye takisi, akampa mama karanga zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Hakusema neno la Kiswahili, na sikulitarajia. Nilikuwa nimemwomba mkazamjomba anifundishe usiku uliopita. Nilipiga magoti kama wasichana wa Kiganda wafanyavyo, nikasema, “Weebale nnyo, Jjajja.” Alicheka matamshi yangu, akanisahihisha, nikarudia mpaka nikapata.